Kifurushi Cheusi Ndani ya Bakuli

Wino alikuwa na sharti moja tu, na sharti hilo lilimkimbizia wateja kuliko sindano yenyewe: hakuchora supu ambayo hajaionja. Ukitaka ua, sawa. Ukitaka simba, nanga, jina la mtoto au moyo uliochomwa kisu, kaa kwenye kiti, toa mkono, kazi ianze. Lakini ukimjia na habari za supu, iwe ya bibi yako, ya shangazi yako, au ya yule mume wako wa kwanza aliyekuwa na mapishi mazuri na tabia mbaya, Wino atakutazama juu ya miwani yake, halafu atakwambia neno moja: "Ilete."

Msicheke, watu walikuwa wanaileta. Walikuja nayo kwenye chupa za chai, kwenye sufuria zilizofungwa kitambaa, kwenye ndoo ndogo za rangi zilizooshwa mara tatu na bado zinanuka rangi. Dereva mmoja wa malori, mtu wa miraba minne, alileta supu ya dengu iliyoungulia chini, kwa sababu marehemu mkewe hakuwahi kuipika bila kuiunguza, na yeye hakutaka kuchorwa supu ya uongo. Wino akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Akamchorea begani sufuria yenye kitako cheusi. Jitu zima lile lilipojiona kwenye kioo likalia mpaka likaomba leso.

Sasa usiniulize kwa nini mtu mwenye akili zake atake kubeba supu kwenye ngozi mpaka siku ya kufa. Au niulize, nitakwambia. Kila mtu ana supu yake. Siyo ile ya kushibia. Ni ile aliyopewa siku mwili umemkatalia, hajui kama ni asubuhi au jioni, midomo imekauka, akainuliwa kichwa, akanyweshwa kijiko cha kwanza, akaona kumbe bado yupo. Wino alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yake aliivaa mkononi.

Ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kifundo. Bakuli pana, mistari mitatu ya mvuke, na katikati ya mchuzi kinaelea kifurushi kidogo cheusi kilichofungwa uzi. Chini yake maneno matatu: SUPU YA MAMA. Alijichora mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mashine yake ya kwanza, ndiyo maana herufi ya mwisho imeinama kidogo. Watu waliuona mkono huo wakakumbuka za kwao, na hivyo ndivyo biashara ya supu ilivyoanza.

Kifurushi kile kilikuwa na historia yake. Alichokumbuka Wino kilikuwa kumbukumbu ya mtoto wa miaka saba mwenye homa: bakuli, mvuke, na kitu cheusi cha mviringo kinachoelea. Kitu gani, hakujua. Basi kabla hajagusa ngozi alimwendea mama yake akamuuliza, kile cheusi kilikuwa nini? Mama akafikiri kidogo, akasema, "Pilipili manga, mwanangu. Nilikuwa naifunga kwenye kitambaa ili isikuwashe koo." Wino akachora kitambaa, mkunjo kwa mkunjo, akachora na uzi. Uzi ule ulimtoa jasho kuliko kazi nyingine yote. Alipomaliza alimwonyesha mama, naye akapitisha kidole juu yake, akasema, "Umepatia kabisa."

Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa kunyoosha mgongo, na aliishi ghorofani, juu kabisa ya chumba cha kazi cha mwanawe. Akija mgeni, hata kabla hajapewa maji, mama alikuwa anamwita Wino apande. "Kunja shati, mgeni aone." Mgeni akishaona, mama anatikisa kichwa taratibu. "Wengine wanazaa, wanasahaulika. Mimi wangu kaniandika mwilini." Na hereni zake za dhahabu zinacheza masikioni.

Supu yenyewe lakini hakuipika tena tangu Wino akiwa na miaka hiyo hiyo saba. Alisema baba yake alipoondoka aliondoka na ladha yote ya jikoni. Baada ya hapo Wino akiugua alinunuliwa mkate na maziwa. Hakulalamika. Alijiambia, mimi nilishapewa, kuna waliokosa kabisa. Alikuwa mtoto wa mwalimu mkali, asiyekumbatia, asiyesifu, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumthibitishia kwamba mama huyu aliwahi kukaa jikoni kwa ajili yake ni bakuli lile. Mtu anaweza kuishi na bakuli moja maisha yake yote, ilimradi ni la kweli.

Basi, Jumanne moja saa nne asubuhi, akaingia binti na chupa ya chai kwapani. Alikuwa fundi simu, wa zile meza ndogo za vioo mtaa wa nyuma. Ncha za vidole vyake zilikuwa na vidoa vya kuungua.

"Kaka, habari za kazi. Nimeambiwa huchori mpaka uonje."

"Umeambiwa kweli. Ni ya nani?"

"Ya mama yangu. Nataka kitu kimoja tu kutoka humo ndani, hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Ukiona utajua."

Wino akachukua bakuli jeupe analoonjea supu za wateja, akafungua kifuniko. Na hapo, kabla hajamimina hata tone, harufu ikapanda. Ilikuwa ya mifupa iliyochemka muda mrefu, tangawizi, ndimu, na nyuma yake kitu kama moshi. Akajishikiza kwenye meza, akajifanya anatafuta kijiko.

Akamimina. Mchuzi ukaja wa dhahabu, safi, na mwishoni kabisa, kilichokuwa kimekwama shingoni mwa chupa kikaachia, kikaanguka bakulini na kumrushia matone shatini. Kitu cheusi cha mviringo. Kikazama, kikaibuka, kikaelea katikati.

"Hicho ndicho ninachotaka," binti akasema.

Wino akaweka chupa mezani. Alikuwa anakitazama.

"Ni kitunguu," binti akaendelea, kama mtu aliyezoea kukielezea. "Mama anakichoma kizima juu ya moto mpaka kiungue nje, hakimenyi, anakitumbukiza hivyo hivyo. Ndicho kinachotoa rangi na ule moshi. Tukiugua ndiyo dawa yetu ya kwanza, hospitali baadaye. Onja basi."

Akaonja. Niseme nini? Miaka ishirini na saba ilirudi kwa kijiko kimoja. Alihisi shuka limelowa jasho, alihisi mkono nyuma ya shingo yake, alisikia kijiko kinagonga jino lake la mbele lililokuwa linalegea. Siyo kwamba ilifanana. Ilikuwa ileile.

"Kaka, kwani hicho mkononi mwako ni nini?" binti akauliza. "Hicho kilichofungwa uzi?"

"Kifurushi. Cha pilipili manga."

"Mama naye aliuliza. Nilikuwa namwonyesha picha za kazi zako kwenye simu, nichague mtindo. Alipofika kwenye huo mkono akaisogeza simu mpaka pua ikagusa kioo. Akacheka, akasema, huyu kachora kifurushi, kwenye supu hii hakuna kifurushi. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama una kovu kwenye nyusi." Binti akainama kidogo amtazame. "Unalo."

Wino akaligusa kovu lake. Alilipata kwa kuanguka kwenye ngazi akiwa na miaka mitano, na kuna mtu alimbeba akakimbia naye hadi kwa daktari. Siku zote alikuwa ameambiwa ni mama.

"Mama yako alikuwa anafanya kazi gani zamani?"

"Kazi za ndani. Kabla sijazaliwa. Kwa mwalimu mmoja." Akakunja mkono wa shati. "Aliondoka vibaya."

Kulikuwa na msichana wa kazi, ndiyo. Wino alimkumbuka kama unavyokumbuka kiti kilichokuwepo sebuleni: upande wa kanga, kandambili mlangoni, wimbo unaotoka jikoni bila maneno. Alikuwa mwizi. Aliiba hereni za mama akafukuzwa. Hivyo ndivyo ilivyosemwa nyumbani, mara moja tu, na haikurudiwa.

"Nisubiri," Wino akasema. Akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akapanda ngazi.

Mama alikuwa dirishani na gazeti, anajaza chemsha bongo kwa kalamu, hatumii penseli kwa sababu hakosei. Wino akaliweka bakuli juu ya gazeti. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akakitazama kile cheusi. Mwanamke aliyesimamia mitihani miaka thelathini anajua kuficha uso, lakini kalamu ilimponyoka, ikabingirika hadi ukingoni mwa meza, ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

"Nini hiki?" akauliza.

"Wewe niambie, mama. Ni supu yako."

"Inafanana na yangu."

"Kiko wapi kifurushi?"

"Kila mtu na mapishi yake."

"Kile cheusi ni nini, mama? Usikiguse. Kitazame tu uniambie, wewe uliyeipika."

Akakitazama. Ungeona huruma, kama ungekuwa na huruma ya kugawa siku hiyo. Mtu mzima, amekula chumvi nyingi, anatafuta jibu ndani ya bakuli kama mwanafunzi aliyekuja darasani mikono mitupu. Alikisogeza kwa ncha ya kijiko, kikageuka, akaona mizizi midogo iliyoungua. Akaweka kijiko chini.

"Nani yuko hapo chini?" akauliza kwa sauti nyingine.

Wino akakaa. Hakuwa amepanga kukaa. "Kwa hiyo ni kweli."

"Kweli gani? Unajua mimi nilikuwa narudi saa ngapi? Vipindi vinane, madaftari tisini, baba yako amekwenda zake. Nani alinunua hiyo mifupa? Nani alilipa mkaa?"

"Sijauliza nani alilipa. Miaka kumi na tano unanipandisha hapa nikunje shati mbele ya wageni. Kila mgeni. Nilikuonyesha uzi niliouchora, mama. Uzi ambao haukuwepo. Ukasema nimepatia."

Mama alipoanza tena hakuwa anajitetea. Alikuwa anasimulia kitu alichokuwa amekaa nacho.

"Ulikuwa na homa siku ya tatu. Nilikuwa nimekushika mkono tangu asubuhi, sikwenda kazini. Yeye akaja akasimama mlangoni na bakuli. Wewe ukafumbua macho. Hukunitazama mimi niliyekushika mkono. Ukamtazama yeye pale mlangoni, ukasema, 'Mama.'" Akalinyoosha gazeti chini ya bakuli. "Nifanyeje mimi? Hebu niambie, ningefanyaje?"

"Ungepika," Wino akasema.

Lile neno lilimpata. Alipepesa macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Na hereni?" Wino akauliza. "Zilipotelea wapi?"

Mkono wa mama ulipanda wenyewe, ukaenda sikioni. Ukaikuta hereni pale ilipokuwa imekaa siku zote, kila sikukuu, kila mgeni, kila siku ya Mungu. Wino alikuwa ameziona maelfu ya mara. Hakuwahi kujiuliza zilirudije. Nyumba ikishaamua kwamba kitu fulani hakiulizwi, hata macho yanazoea kutokuona. Alisikia hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, aibu ya mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka akatembea nacho mjini anasalimia watu.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

"Nani?"

"Mama. Jina lake."

"Tulimwita Dada."

"Wote wanaitwa dada. Jina lake alilokuja nalo."

Mama akafungua mdomo. Akatazama dari, akatazama gazeti, kama vile herufi zingemsaidia. Alikuwa anakumbuka majina ya wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, safu kwa safu, nani alikaa karibu na nani. "Lilikuwa jina fupi," akasema mwishowe.

Wino akalichukua bakuli akasimama. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti ya mwalimu nyuma yake, kavu, ile ya zamani.

"Na usinitazame hivyo, kana kwamba nilikuwa peke yangu. Majirani walikuwa upande wake. Wewe ndiye uliyesema umemwona akizichukua."

Akashuka. Kwenye ngazi ya tatu ikabidi asimame, kwa sababu mchuzi ulikuwa unamwagika. Siku ile ilikuwa inamjia. Kiti kirefu, miguu yake haifiki sakafuni. Watu wazima wamejaa sebuleni. Yule msichana amesimama katikati na mfuko wake wa nguo, hamtazami mama, anamtazama yeye, na wala hana wasiwasi, maana anajua mtoto huyu atasema ukweli, mtoto huyu ni wake. Na kabla ya sebule kulikuwa na chumba, na mama amepiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, anamwambia kwa sauti ya chini akisema vizuri atapewa nini.

Binti alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha kuchorwa, shati limekunjwa, mkono uko tayari kwenye mto. Wino akaliweka bakuli mezani. Akavaa glovu, akazivua. Akakaa kwenye kigoda chake cha magurudumu, akashindwa kusogea.

"Umeonja ukaridhika?" binti akauliza.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Ana kibanda chake cha chakula, anapika asubuhi hadi mchana. Miguu tu inamsumbua." Akasogeza mkono juu ya mto. "Baada ya pale hakuna mtu aliyemchukua kazi ya ndani tena. Ilijulikana mtaa mzima. Alilala kituoni siku mbili. Hatuambii sana, lakini hiyo alituambia."

"Mdogo wangu," Wino akaanza. "Naomba jina lake. Nataka kulijua."

Binti akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa na anataka kuifikisha kazi ilivyo.

"Jina alinikataza," akasema. "Alisema kwanza nikuulize kitu, na nirudi na jibu kama utakavyolitoa, nisipunguze, nisiongeze. Amekaa nalo miaka yote hii. Hereni hazimsumbui, anajua hakuchukua. Mwalimu naye alishamsamehe au alishamchoka, sijui. Anachotaka kujua ni wewe. Alisema, kamuulize: siku ile, uliona nini?"

Nje mtu alikuwa anaburuta mlango wa chuma wa duka la jirani, ukapiga kelele hadi ukafika juu. Wino akasubiri kelele iishe. Aliutazama mkono wake mwenyewe, lile bakuli, ule uzi alioutolea jasho, yale maneno matatu na herufi iliyoinama. Alitamani kusema alikuwa mtoto, na ni kweli alikuwa mtoto. Alitamani kusema hakumbuki, na mapema asubuhi ile ingekuwa kweli.

"Sikuona kitu," akasema.

Binti hakutikisika.

"Mama yangu aliniambia nikisema nimemwona, nitapikiwa ile supu kila Jumamosi."

Ilimchukua binti muda kidogo kuelewa. Ungemwona anapeleka macho kwenye bakuli, anayarudisha, halafu uso wake ukabadilika kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Akachukua chupa yake, akaitikisa kuhakikisha ni tupu, akakaza kifuniko.

"Nitamwambia hivyo hivyo," akasema.

"Naweza kuja kumwona?"

"Sijui, kaka. Mwache kwanza alisikie hilo."

Alipotoka, alirudishia mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Wino akavuta kigoda mpaka mezani. Supu ilikuwa imepoa, mafuta yameanza kuganda pembeni, kitunguu kimekaa palepale katikati. Akachukua kijiko. Aliinywa yote ikiwa baridi, na alipofika chini akakila na kitunguu, gamba na masizi yake. Juu, mama yake alikuwa ameanza kumwita kwa jina lake, jina zima, kama alivyokuwa akiwaita wanafunzi darasani. Aliita mara ya pili. Wino akaendelea kutafuna.